Nina milioni tatu na Peugeot 504 ya marehemu baba: nianzie wapi kuipa nguvu?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mikindani, Mtwara. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 saluni ya mwaka 1978, GL, injini ya petroli ya cc 1971, gia za mkono. Tangu alipoanza kuugua gari lilikaa chini ya mkorosho kule Nanyamba, ila halikutelekezwa. Kila likizo nilikuwa naliwasha na kulizungusha shambani. Mwaka huu nikalileta mjini. Bodi ina kutu kidogo kwenye milango na chini ya buti, ndani hakujaharibika kitu, viti ni vilevile.

Shida ni injini. Inawaka na gari linatembea, lakini nguvu hakuna. Njia ya Lindi, kwenye tambarare, nafika 80 vizuri, kuanzia hapo nikikanyaga napata kelele tu. Juzi nimepanda Newala kwa upande wa Masasi, mama yuko nyuma na mizigo yake, nikashuka mpaka gia ya kwanza huku Noah zilizojaa abiria zinanipita. Nikiachia mafuta kwenye mteremko nyuma unatoka moshi wa bluu. Oili naongeza mara kwa mara. Mchana wa jua kali mshale wa joto unapanda mpaka nasimama.

Nimeuza korosho. Baada ya ada za watoto na madeni, nimebaki na shilingi milioni tatu ambazo mke wangu amekubali ziende kwenye gari, na amesema wazi hakuna nyingine mpaka msimu ujao. Nataka injini ifunguliwe na kufungwa upya, tena isirudi tu ilivyokuwa, iwe na nguvu kuliko alivyoiacha baba. Tuko wachache huku kusini wenye magari ya zamani, mwakani tumepanga kwenda nayo Kilwa Masoko, nami sitaki kusubiriwa njiani.

Anayelishughulikia ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, fundi wa miaka mingi. Anataka nimpe milioni moja na nusu kwa mkupuo anunue kabureta mbili na aichonge hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, "mpaka ilie". Shemeji yangu aliyeko Dar anasema nisihangaike, nitoe injini hiyo niweke ya Toyota Mark II, tayari ameiona moja. Baba mdogo siwezi kumkatalia usoni, amenilea. Na injini ya Toyota roho yangu inasita.

Nipangie, Fundi. Fedha hii ianzie wapi, na baba mdogo nimwambieje?

Mwalimu, Mikindani

*

Marahaba mwalimu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kulitunza gari lake. Injini inayowashwa kila likizo ina bahati kuliko ile iliyofungiwa banda ikasahaulika, kwa sababu ringi hazikupata nafasi ya kushikana na kutu.

Hizo milioni tatu ziache zilipo kwanza. Isitoke hata shilingi ya spea kabla injini haijapimwa. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na zaidi ya farasi 90 na lilikuwa linapita 150 kwa saa. Lako linachoka kwenye 80. Maana yake nguvu nyingi unayoitafuta tayari ilikuwa mali yako, imevuja. Inavujia wapi ndilo swali la kwanza, na jibu lake ni la bei rahisi: geji ya kompresheni, yaani ya kupima presha ndani ya silinda, ambayo gereji nyingi wanayo, na nusu ya asubuhi.

Ipashe injini moto, kisha zima. Plagi za 504 zimezama kwenye mashimo marefu, na huko chini hukusanyika mchanga, oili na maji, kwa hiyo puliza upepo kabla ya kufungua, la sivyo uchafu wote unaangukia ndani ya silinda. Toa plagi zote nne. Chomoa waya wa koili. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, mwingine ashike geji, starta izungushe mpaka mshale usipande tena. Andika namba ya kila silinda. Halafu rudia, safari hii ukiwa umetia kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda kabla ya kupima. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni na laina, yaani kuta za silinda, zimekwisha. Isipopanda, presha inatorokea kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, tazama gaskete ya hedi. Na kama zote nne zinakaribiana, tofauti haizidi asilimia 10, basi kabla ya kufungua chochote rudi kwenye moto wa plagi na mafuta, maana huenda ugonjwa uko nje.

Nakuambia haya kwa sababu dalili yako moja imenifanya nisite. Moshi wa bluu unaotoka unapoachia mafuta kwenye mteremko mara nyingi ni wa gaidi za valvu, yaani vile vibomba ambamo miti ya valvu hupanda na kushuka. Ukiachia mafuta, injini inavuta hewa kwa nguvu bila kupata, inanyonya oili kupitia gaidi zilizolegea. Moshi wa ringi hujionyesha zaidi unapokanyaga, gari likiwa na mzigo. Inawezekana una yote mawili, gari ni la 1978. Lakini pia inawezekana laina zako bado zina maisha na hedi ndiyo mgonjwa, na hapo bajeti yako inabadilika kabisa. Yote haya hayajulikani kwa macho.

Tuseme vipimo vimesema ifunguliwe. Hapo una neema ambayo mwenye magari mengi ya Kijapani ya umri huo hana: injini yako ina laina za maji. Yaani silinda hazikuchongwa ndani ya bloki. Ni mirija minne ya chuma inayochomekwa, na maji yanazunguka nje yake. Mwenye Datsun ya enzi hizo silinda zikilika lazima atafute karakana yenye mashine ya kuchonga bloki na pistoni za saizi ya juu. Wewe unanunua seti ya laina nne, pistoni, pini na ringi, unachomoa za zamani, unachomeka mpya, na bloki haijatoka Mtwara. 504 ziliunganishwa Kenya na Nigeria kwa miaka mingi, ndiyo maana seti hizi bado zinapatikana. Anza na maduka ya Gerezani, Dar, yakishindikana waulizie Kirinyaga Road, Nairobi. Zije na basi.

Neema hiyo ina sharti lake, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapoharibikiwa. Laina haikubanwa na kitu ila hedi. Ukishaifungua hedi, usizungushe krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hata robo kabla ya kuzibana laina kwa boliti na washa pana, kama huna mpango wa kuzitoa. Laina ikinyanyuka kidogo tu, sili ya chini inaachia na maji yanaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Utaiona oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na kazi yote inarudi mwanzo. Wakati wa kufunga, kila laina lazima ichomoze juu ya uso wa bloki kwa sehemu ndogo sana ya milimita iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Inapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, na inarekebishwa kwa unene wa sili za chini. Ukipitisha kidole utadhani zote ziko sawa. Kidole kinadanganya. Kitabu hicho kinapatikana mtandaoni, kitafute kabla ya spana.

Ukitoa laina za zamani, utakuta matope ya kutu chini kabisa ya njia za maji. Ninyi wa pwani mmezoea kujaza rejeta maji ya kisima, na maji yenu yana chumvi. Bloki ya chuma, hedi ya alumini na maji ya chumvi havikai pamoja kwa amani, alumini ndiyo inayoliwa. Kwangua matope yote, safisha viti vya laina mpaka chuma king'ae, na kuanzia hapo weka kulanti na maji ya mvua au yaliyochujwa maalumu. Sishangai kama nusu ya joto lako linatoka humo kwenye matope.

Sasa nguvu za ziada. Kanuni yangu kwa mwenye fungu dogo ni hii: mwaka huu fedha iingie kwenye vitu vilivyo ndani ya injini, ambavyo ukishaifunga huwezi kuvifikia tena bila kulipa gaskete na ufundi upya. Vinavyofungwa kwa nje kama kabureta, eksozi na moto wa elektroniki vinaweza kusubiri korosho za msimu ujao, vitafungwa Jumamosi moja chini ya mwembe na havitakudai kuvunja chochote. Baba mdogo ameanzia nje. Hakukosea kwamba vinasaidia, amekosea zamu.

Ndani kuna nini basi? Kuna hedi. Injini hii ilichorwa vizuri, chemba yake ni ya duara kama bakuli, na valvu zimelala pande mbili zikitazamana, hewa inaingia huku moshi unatokea kule. Mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mashindano yale yalikuwa yanavunja magari yenye farasi wengi zaidi. Kwa hiyo usimruhusu mtu atafune njia za hewa kwa grainda akisema anazipanua. Zisafishwe kaboni, na pale manifodi inapokutana na hedi, kingo ziwe sawa na tundu la gaskete ili hewa isijikwae. Inatosha. Gaidi mpya ziwekwe. Viti vya valvu vichongwe kwa pembe tatu tofauti kwenye karakana yenye vifaa, halafu valvu zisagwe kwa mkono mpaka uone mstari mmoja wa kijivu, mwembamba, umezunguka bila kukatika. Ukishafunga springi, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kila njia, subiri dakika kadhaa. Likidondoka tone upande wa chemba, saga tena. Kazi hii ya subira huleta nguvu kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwenye maboksi yanayong'aa.

Angalia pia kama viti vimezama. Petroli ya risasi iliondolewa nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu visiliwe. Vikiwa vimezama, viwekwe vipya vya chuma kigumu, hedi ikiwa tayari iko mezani.

Halafu kompresheni, yaani ni mara ngapi silinda inabana kilichomo ndani yake. "Kuchonga hedi mpaka ilie" ndiyo sentensi iliyonitia hofu kwenye barua yako. Kuongeza kompresheni ni njia halali na nafuu ya kupata nguvu, tena nguvu ya chini, inayopanda mlima. Lakini inahesabiwa, haikadiriwi. Silinda yako moja ina ujazo wa 1971 gawa kwa 4, karibu sentimita za ujazo 493. Laza hedi chali, valvu na plagi zikiwemo, funika chemba kwa kioo chenye tundu dogo kilichopakwa grisi pembeni, na ujaze mafuta ya taa kwa bomba la sindano ukihesabu. Ongeza nafasi ya gaskete na ya juu ya pistoni. Tuseme jumla umepata 67. Chukua 493 jumlisha 67, gawa kwa 67, unapata kama 8.4. Ikichongwa mpaka jumla ibaki 61, inakuwa 9.1. Hapo kwenye 9 ndipo mimi ningesimama, kwa petroli ya vituo vyetu na joto la Mtwara. Ukienda zaidi, injini itaanza kugonga pale gia inapokuwa juu, mafuta yamekanyagwa na mwendo ni mdogo, ambayo ndiyo hali yako ya Newala. Kule kugonga si sauti tu. Kunavunja kuta za ringi kwenye pistoni na hatimaye kutoboa pistoni yenyewe, tena wakati wa mlima, mama akiwa nyuma.

Na kabla ya kuchonga kwa ajili ya nguvu, hedi ilazwe kwenye kioo nene au rula ndefu ya chuma ionekane kama imepinda. Umesema joto limekuwa likipanda mpaka unasimama, sitashangaa ikiwa imepinda. Kuinyoosha peke yake kutakula sehemu ya ule unene uliotaka kuupunguza. Kila chemba ipimwe tena baada ya kuchonga, zote nne ziwe sawa.

Kitu kingine cha ndani ambacho ni karibu na bure ni uzito. Chukua pistoni mpya na pini zake, peleka kwa sonara wa mjini mwenye mizani ya dijitali, umwombe dakika kumi. Pima moja moja, halafu pima konrodi, zile fito zinazounganisha pistoni na krenki, kwenye mizani kubwa kidogo. Panga nzito na nyepesi zikutane, kisha tofauti iliyobaki iondolewe kwa faili pale kiwanda kilipoacha nyama ya ziada kwa kazi hiyo, kamwe si kwenye mikono ya konrodi. Injini iliyolingana uzito inapanda mizunguko kwa raha na haisumbui beringi.

Krenki ipimwe kwa maikromita. Ikiwa duara bado ni duara, beringi mpya za saizi ileile zinatosha. Ikiwa imekuwa yai, ichongwe saizi ya chini, na hiyo kazi isafiri Dar kama hukumpata mchongaji wa kuaminika karibu. Uliza pia chuo cha VETA hapo Mtwara, walimu wa ufundi wanajua nani ana mashine nzima na nani ana mdomo. Ringi mpya, hata zikiwa za kiboksi kizuri, zichomeke ndani ya laina na upime mwanya kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 88 ningetaka karibu 0.35. Ikibana kabisa, injini ikipata moto ringi itaumana na laina kuchanika. Pampu ya oili ifunguliwe na ipimwe, haina gharama na ndiyo roho ya injini.

Kemshafti, shafti inayofungua valvu, iache ya kiwandani kama haijalika. Kemu kali inahamisha nguvu kutoka chini kwenda juu, kwenye mizunguko ambayo wewe, na mama, na magunia, hamtaifikia. Kwa njia ya Newala utakuwa umelipia hasara.

Fedha ningeigawa hivi. Milioni moja na nusu ni ya uzima wa injini: seti ya laina na pistoni, beringi, gaskete, kazi ya hedi. Laki sita ni ya ufundi wa baba mdogo, nitakuja hapo. Laki tano ni ya kupoza na breki. Laki nne haina jina mpaka injini iwe imefunguliwa na kuoshwa, kwa sababu hakuna injini ya umri huo isiyoficha kitu. Bei omba kwa wauzaji watatu kabla ya kulipa, na kama vipimo vimeonyesha laina ni nzima, ile fedha ya laina ndiyo itakayonunua kabureta mwaka huuhuu. Ndiyo maana nimesema pima kwanza.

Kwenye kupoza, tazama feni. 504 ina feni ya sumaku, inajikamata tu injini ikipata moto. Ukikatika waya, kikifa kipima joto, au ikiisha burashi ya kaboni, feni inazunguka kivivu na wewe unalaumu rejeta. Injini ikiwa moto, zima, kisha washa swichi tu na usikilize kama inanasa. Rejeta ifunguliwe, mirija yake ipigwe sindano, si kumwagiwa maji kwa mpira. Breki nisingeijadili, ni lazima. Gari lililokuwa linafika 80 kwa taabu likianza kufika 120, pedi, mipira ya maji ya breki na matairi yaliyokauka chini ya mkorosho ndivyo vitakavyoamua kama Kilwa mnafika.

Moto nao usiusahau, maana unaweza kukupa nguvu leo kabla ya yote. Fungua distribyuta uone kama vile vizani vya ndani vinavyosogeza moto vinacheza. Hewa ya bahari huvikamatisha kwa kutu, na moto usiposogea, gari linakuwa kama ulivyoeleza, zuri chini na kelele juu. Visafishe, vitie oili nyepesi, weka pointi na kondensa mpya, taiming kwa taa, si kwa sikio. Hata ukiweka moto wa elektroniki siku moja, pointi na kondensa zibaki kwenye droo ya gari. Ukikwama Mingoyo usiku, hizo ndizo fundi wa kijijini anazozijua.

Kabureta mbili sizitaki kwako hata msimu ujao. Injini hii njia yake ya hewa ilitengenezewa kabureta moja, mbili zitadai manifodi ya kuchomelea na mtu wa kuzilinganisha kila mara. Kabureta moja ya Weber yenye midomo miwili, 32/36, kwa adapta, wengi wameifunga kwenye injini za ukubwa huo na jeti zake zinapatikana. Ukinunua ya mtumba, tikisa shafti ya kipepeo. Ikicheza, iache dukani. Eksozi iwe bomba lisilo na mikunjo mikali na sailensa nzima. Kutoboa sailensa kunaongeza sauti, na ukivuma hivyo Mikindani saa sita usiku utapoteza majirani.

Kuhusu injini ya Mark II, moyo wako umesita mahali sahihi. Propela ya 504 saluni imefungiwa ndani ya bomba la chuma linalounganisha gia boksi na difu, moja kwa moja. Ukibadili injini unabadili gia boksi, ukibadili gia boksi bomba lile halina pa kushika, hapo unaanza kukata na kuchomelea mgongo wa gari. Injini yako imelala upande kwa nyuzi 45, ya Toyota inasimama, kwa hiyo vishikio vyote ni vipya. Ongeza waya, rejeta, eksozi. Halafu kadi ya gari ina namba ya injini, itakubidi ukabadilishe taarifa TRA. Shemeji ameona bei ya injini, hajaona bei ya kuifunga. Mshukuru, mwambie hivyo.

Sasa baba mdogo. Usiende kwake na barua hii mkononi. Yeye ni baba yako, na ni fundi, na gari lile ni la kaka yake. Huenda hamu yake ya kulisikia likilia ina uchungu wake ndani. Mwendee jioni, nyumbani si gereji. Mwambie ukweli kuhusu nyumba yako, kwamba mama watoto amekubali fungu moja tu, likipotea hakuna jingine, na kwamba unaogopa. Hilo si kumkatalia. Kisha mwombe akufundishe. "Baba mdogo, kabla hatujanunua naomba tuipime wote, nataka nijue gari la mzee." Mpe geji ashike yeye, wewe andika kwenye daftari. Fundi wa miaka mingi akiona namba nne kwenye karatasi, mwenyewe ataanza kusema kilichochoka. Mwache aseme.

Spea nunua wewe, kwa risiti, yeye akikuandikia orodha. Ufundi wake ulipe kamili, usimwombe bei ya undugu. Hiyo laki sita mpe kwa hatua tatu: injini ikishafunguliwa na kupimwa, ikishafungwa, na ikishatembea. Ukimlipa kama fundi una haki ya kumwomba akaze boliti za hedi kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu, hata kama kwa miaka yote amekaza kwa mkono. Hedi ya alumini juu ya laina zinazochomoza haisamehe mkono. Kama ana moyo wa kabureta, mwambie ya msimu ujao ataichagua yeye.

Ikishawaka, usiiache inaunguruma bure uani. Itoe barabarani siku hiyohiyo. Kanyaga kwa wastani mpaka 70, achia ishuke yenyewe, rudia, ringi zinakaa kwenye laina kwa mzigo na si kwa kusimama. Nenda Lindi na kurudi, ni kama kilomita 200, bila abiria na bila kushindana na mtu. Ikipoa usiku mzima, kaza hedi tena jinsi kitabu kinavyoagiza, rekebisha tapeti, yaani mianya ya valvu. Kilomita 500 zikifika mwaga oili na filta hata kama inaonekana safi. Newala ipande baada ya hapo, kwa gia ya tatu, dirisha wazi, ukisikiliza. Ikigonga, rudisha moto nyuma kidogo kabla hujafanya lingine lolote.

Ukimaliza kupima na baba mdogo, niandikie namba zote nane, nne za kavu na nne za oili, pamoja na rangi ya kila plagi ulivyoikuta. Nitakujibu kama laina zinunuliwe au hedi peke yake itoshe.